Sauti ya Enora Juu ya Mlingoti

Jumamosi ile niliamka kabla ya shakwe. Antena ilikuwa imelala juu ya meza ya jikoni, fimbo nyembamba ya chuma cheupe, na pembeni yake waya mnene mweusi niliokuwa nimeuzungusha duara. Ncha moja ya waya nilikuwa nimeshailehemu plagi jioni iliyopita, nikaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Nilijivunia plagi ile kuliko gauni langu la harusi.

Mama mkwe wangu, Maivonn, aliingia na krepi, chapati nyembamba za moto zilizopakwa siagi ya chumvi, akaitazama antena kutoka mbali kidogo, kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

"Ndiyo hii itakayomleta Gwendal?"

"Haitamleta, Mama. Itamsikia tu."

"Basi aanze kusikika. Kuja atakuja mwenyewe."

Gwendal ni mume wangu. Alikuwa na wiki ya tano baharini, kwenye chombo cha uvuvi kiitwacho Kanevedenn. Siku aliyoondoka, binti yetu Enora alikuwa na miaka mitatu na nusu na hajawahi kutamka neno hata moja. Daktari alimpima masikio akasema ni mazima, tusubiri. Tukasubiri. Pale gatini Gwendal alichuchumaa mbele yake, akamwambia, "Niambie kwaheri, mama. Hata nusu yake." Enora akamshika pua, akaivuta. Gwendal akapanda chomboni bila kugeuka nyuma, na mimi nilijua kwa nini hageuki.

Wiki mbili baadaye Enora akasema. Alikuwa amekaa sakafuni amempakata mwanasesere wake, yule aliyeshonwa na Maivonn kwa soksi kuukuu ya kijivu. Akamwinua mbele ya uso wake, akamwambia kwa sauti nzima kabisa, "Sungura."

Niliangusha sufuria ya maziwa. Mpaka leo kigae kile cha sakafu kina ufa.

Basi akawa na neno moja, na hilo moja halitoki mpaka awe amemshika yule wa soksi. Ukimnyang'anya, kimya. Ukimrudishia, "Sungura." Mimi ningeweza kulisikiliza mchana kutwa. Lakini katika maneno yote ya duniani, mwanangu alichagua lile ambalo kwetu hapa halitamkwi chomboni, wala karibu na chombo. Wanasema wanyama hao waliwahi kutafuna kamba na mbao mpaka meli zikazama. Mabaharia wetu humwita mwenye masikio marefu, tena kwa sauti ya chini. Baba mkwe wangu, Visant, aliyevua samaki miaka arobaini na tatu, aliwahi kugeuza chombo na kurudi bandarini, mwendo wa saa sita, kwa sababu mpishi alifungua kopo la nyama ya mnyama huyo. Kwa hiyo Enora akilisema neno lile mezani, babu yake hunyanyuka, hugusa chuma cha jiko kuondoa nuksi, hukaa tena, kisha humwambia kwa upole, "Kitu kingine, kipenzi cha babu. Sema siagi."

Gwendal hakuwa na habari yoyote. Redio kubwa ya Kanevedenn, ile ya kupigia simu nyumbani, iliharibika kwenye dhoruba, ikabaki ndogo, ya masafa mafupi. Alhamisi chombo cha bandari jirani kilipita na ujumbe: Kanevedenn itapita nje ya mnara wa taa Jumamosi, kama saa kumi na moja jioni, halafu moja kwa moja kusini kufuata jodari. Kurudi ni Septemba.

Septemba! Nilihesabu kwa vidole. Miezi mitatu baba hajui kwamba mtoto wake anasema.

Vyombo vyote vya bandari yetu vilikuwa baharini. Redio ya ofisi ya bandari si ya maongezi ya nyumbani. Kilichobaki ni Steredenn, mashua ya tanga ya Visant, ya mbao, aliyojinunulia alipostaafu. Ilikuwa na redio, lakini antena yake, iliyofungwa kwenye reli ya nyuma, ilivunjwa na upepo wa Januari. Hata ilipokuwa nzima haikufika mbali zaidi ya ukuta wa bandari.

"Redio ile inafika kadiri jicho linavyofika," nilimwambia Visant Alhamisi ile ile. "Ukiweka antena kwenye reli, inaona ukuta. Ukiiweka juu ya mlingoti, inaona mpaka nyuma ya mnara."

"Na nani ataiweka?"

"Mimi, Baba."

Alitafuna mkate wake polepole. Alijua ninakwenda masomo ya jioni, Jumanne na Alhamisi, kwenye kiwanda cha zamani cha dagaa, umeme wa vyombo vya baharini, mwaka wa pili sasa. Nadhani alikuwa akifikiri ninakwenda kupumzika kidogo mbali na mtoto.

"Mlingoti ni mita kumi na mbili," akasema.

"Nimeupima."

"Umeupima vipi?"

"Kwa kivuli chake."

Akaacha kutafuna. "Jumamosi maji yamekupwa kabisa saa tano asubuhi," akasema. "Uje na viatu visivyoteleza."

Antena nilipewa na mwalimu wetu, Bi Guyader, kutoka kabati la darasa. "Ikifanya kazi ni yako," aliniambia. "Isipofanya irudishe, wala sitauliza."

*

Kwetu mtu hapandi mlingoti wa mashua inayoelea akiwa na njia nyingine. Unaisogeza mpaka gatini maji yakiwa mengi, unaifunga, unaacha bahari iondoke yenyewe. Saa nne na nusu Steredenn ilikuwa imekaa juu ya mchanga, imeegemea ukuta wa gati, imetulia kama ng'ombe aliyelala. Tulikuwa na mpaka saa nane. Baada ya hapo maji yangerudi, na mlingoti ungeanza kucheza.

Enora alikuja mkono mmoja kwa bibi yake, mkono mwingine amekumbatia soksi yake. Visant akasimama katikati ya sitaha akanyoosha kidole.

"Yule hatii mguu hapa."

"Baba, ni kitambaa."

"Ana masikio."

"Ya soksi!"

"Marefu," akasema Visant, na hapo maongezi yakaisha.

Yule wa soksi akawekwa ndani ya kapu la Maivonn, juu ya gati, akafunikwa taulo. Enora alikaa kando ya kapu na uso umefunga. Sikuwa na la kufanya. Nilijiambia ikifika saa kumi na moja nitambembeleza kwa njia nyingine.

Kando ya kapu alikuwa ameshakaa Fañch, rafiki wa Visant tangu utotoni, na kiko chake mdomoni. Hakuna kazi gatini inayofanyika bila Fañch kuikosoa.

"Visant!" akaita. "Mke wa mwanao unamtweka kama tanga?"

"Ni mwepesi. Ungekuwa wewe, kamba ya henza ingekatika."

"Mimi nilipanda milingoti nikiwa na miaka kumi na mitano!"

"Ulipanda mmoja, ukashushwa na zimamoto. Njoo ushike kamba."

Akaja, akilalamika magoti. Nilikaa kwenye kiti cha ubao, Visant akafunga fundo mwenyewe, akalivuta mara tatu, akalifungua, akalifunga tena. Kisha wakaizungusha winchi wote wawili, na mimi nikapanda juu, miguu ikisukuma mlingoti, spana zikigongana kiunoni.

Kule juu hapakuwa na sauti ila upepo. Niliona mapaa yote ya mji wetu, nguo zangu mwenyewe zikipepea uani, na mbali kabisa mnara wa taa, mweupe, mdogo kama kipande cha chaki. Huko ndiko atakakopita. Nilicheka peke yangu, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikuwa naogopa.

Nikafunga kitako cha antena kwa skrubu nne. Halafu nikatoa ugwe mrefu uliofungwa kipande cha cheni ya baiskeli, nikaudondosha ndani ya mlingoti, maana cheni huteremka hata pale uzi mtupu unapokwama. Fañch aliweka sikio kwenye mlingoti huko chini.

"Naisikia! Inashuka kama panya ukutani!"

"Usitaje wanyama," Visant akamkaripia.

"Panya ruhusa. Ni yule mwingine!"

"Fañch!"

Wakaivua cheni kwa kulabu kwenye tundu la chini. Nikafunga waya kwenye ugwe, wao wakavuta, nami nikausindikiza, mita baada ya mita, mpaka ikabaki mikononi mwangu ncha yenye plagi yangu nzuri. Nikaiingiza kwenye kitako cha antena. Nikatafuta kofia yake ya kukazia.

Haikuwepo.

Bi Guyader alikuwa akiturudia kila Jumanne mpaka tukamcheka: kofia kwanza, plagi baadaye. Kofia ile ya kuzungushwa lazima uivishe waya kabla ya kulehemu, kwa sababu plagi ikishakaa haipiti tena upande huo. Nami, kwa kujivunia kulehemu kwangu, nilikuwa nimelehemu plagi bila kofia.

"Kuna nini?" Visant akapaza sauti.

"Nimesahau kofia!"

"Nenda hivyo hivyo," akajibu Fañch, "jua si kali!"

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka mpaka kiti kikatikisika. Halafu nikafikiri. Upande wa plagi haipiti, lakini upande wa pili wa waya bado ulikuwa mtupu, na mfukoni nilikuwa na kofia ya plagi ya chini ambayo bado sijailehemu. Tukauvuta waya wote juu tena, na ugwe nyuma yake. Nikaivisha kofia ile kwenye ncha tupu, nikaisukuma kwa dole gumba mita zote zile, kama mtu anayevisha ushanga mmoja kwenye uzi mrefu kupita kiasi, mpaka ikafika kwenye plagi, ikakaa. Nikakaza. Nikafunga utepe mweusi juu yake, matabaka matatu, mvua isiingie. Waya ukateremka mara ya pili.

Niliposhushwa, viatu vya Fañch, aliyekuwa ameshuka mchangani, vilikuwa vimelowa. Maji yalikuwa yamerudi.

"Kofia ya chini je?" Visant akauliza. Alikuwa ameelewa kila kitu, mzee yule, bila kuelezwa.

"Iko mezani nyumbani. Ile niliyosahau jana."

Maivonn akapanda kilima mbio na miaka yake sitini na minane. Akarudi ameshika kiuno, anatikisa kichwa. Mezani hapana. Chini ya meza hapana. Ndani ya bakuli la siagi, hapana.

Nikalehemu plagi ya chini bila kofia, ndani ya chumba kidogo cha Steredenn, kwa nyundo ya shaba niliyoipasha moto kwenye jiko la gesi, ile ambayo babu yake Fañch alizibia makopo ya dagaa. Fañch aliileta mwenyewe, amefunga kitambaa, akaikabidhi bila utani wowote. Risasi ikayeyuka, ikatulia, ikang'aa. Lakini bila kofia plagi haikukaa. Ukiiachia, inachomoka.

"Nitaishika kwa mkono," nikasema.

*

Saa kumi na nusu Steredenn ilikuwa inaelea. Nilijibana nyuma ya redio, mkono wangu wa kulia umepita kwenye uwazi wa ubao, vidole vitatu vimekandamiza plagi. Enora nilimweka magotini. Visant alikaa ngazini, kofia yake mkononi, na uso wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwingine.

Saa kumi na moja kasoro tano niliita. "Kanevedenn, Kanevedenn, hapa Steredenn." Mvumo tu. Nikaita tena. Mvumo. Nikakandamiza plagi mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Steredenn, hapa Kanevedenn." Ilikuwa sauti ya nahodha wao. "Visant, ni wewe? Unaongelea kutoka wapi?"

"Gatini!" nikapiga kelele. "Ni Soazig! Niko gatini!"

"Haiwezekani. Hamia chaneli ya sita. Gwendal! Gwendal, acha nyavu, njoo!"

Tukahamia. Kukawa na vishindo, kisha akaja yeye, karibu mno, kana kwamba amesimama mlangoni na viatu vya matope.

"Soazig? Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa! Gwendal, sikiliza. Kuna mtu anataka kusema nawe."

"Nani? Mama?"

"Sikiliza tu."

Nikamwekea Enora kipaza sauti mdomoni, nikambonyezea kitufe kwa mkono wa kushoto. Akakitazama. Akakilamba. Nikaachia kitufe.

"Hamjambo?" ikasema sauti ya Gwendal. "Sisikii kitu. Ni nani?"

"Enora, mwanangu, ni baba. Mwambie baba."

Macho ya Enora yakaenda mlangoni, juu, kule kwenye gati. Mdomo ukafunga. Niliujua mdomo ule.

"Soazig," akasema Gwendal, na sasa sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa imeanza kuelewa na kuogopa kuelewa. "Nahodha anasema tuna dakika kumi. Tukishapita rasi nitakupoteza."

Nisingeweza kunyanyuka. Nikiachia plagi, anapotea sasa hivi, si baada ya dakika kumi.

"Baba," nikamwambia Visant. "Anamtaka yule."

"Fañch!" Visant akaita juu. "Lete lile la kwenye kapu!"

"Nani, mimi?" likaja jibu. "Nina wajukuu saba!"

"Litupe tu!"

"Siligusi!"

Visant alinitazama. Alimtazama Enora. Kisha akavaa kofia yake, kama mtu anayekwenda kanisani, akapanda ngazi ya chuma ya gati. Nikasikia Maivonn akisema, "Visant, mpenzi," na yeye akijibu, "Nyamaza, mwanamke, nikiongea nitaghairi." Akarudi amekumbatia tumbo. Masikio mawili ya kijivu yalichungulia kwenye shingo ya sweta lake. Alikanyaga sitaha ya mashua yake mwenyewe, akashika chuma cha mlango, akakishika sana, akashuka.

Akamtoa. Na kwenye sikio la kushoto la yule wa soksi, limevishwa vizuri kama hereni, ilikuwepo kofia yangu.

"Mwizi ni huyu," akasema Visant kwa mnong'ono. "Nilijua tu."

Enora alimkumbatia mwanasesere wake kwa mikono miwili. Nikambonyezea kitufe. Akavuta pumzi.

"Baba," akasema.

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Visant akakaa chini pale pale, juu ya sanduku la nanga.

"Baba. Sungura!"

Nikaachia kitufe. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Jumamosi jioni chaneli ya sita husikilizwa na kila chombo kilichoko kati yetu na rasi, na kila nahodha alikuwa amelisikia neno lile, safi, kutoka juu ya mlingoti wa Visant.

"Nani katamka hivyo?" ikauliza sauti moja ya ukali.

"Fungeni madirisha!" ikasema nyingine.

"Nyamazeni nyote," akasema nahodha wa Kanevedenn. "Ni binti wa Gwendal. Yule asiyesema."

Kisha ile sauti ya ukali ikarudi, imelainika kama siagi juani. "Yule mdogo? Kasema?" Ikakohoa. "Basi mwambieni arudie. Upande huu hatukusikia vizuri."

Akarudia. Alirudia mara tisa, nilihesabu, na katikati ya mara ya sita na ya saba Gwendal alipata kuongea. Hakusema mengi. Alisema, "Nimekusikia, mama. Nimekusikia. Baba amekusikia." Alikuwa analia na kucheka, na nyuma yake wenzake walikuwa wanapiga sitaha kwa miguu. Enora alijifunza kubonyeza kitufe mwenyewe, akakataa kukiachia, ikabidi babu yake amfungue kidole kimoja kimoja ili baba naye apate zamu.

"Antena nani kaweka?" Gwendal akauliza mwishoni, sauti ikianza kukatika.

Kabla sijajibu, Visant akachukua kipaza sauti. "Mkeo. Kapima mlingoti kwa kivuli," akasema. "Halafu kasahau kofia. Halafu kapata njia." Ndivyo alivyosema, kwa mpangilio huo, na bahari yote ikasikia.

Rasi ikammeza Gwendal. Mvumo ukarudi. Nikatoa mkono wangu nyuma ya redio, umekufa ganzi, na kwenye vidole vitatu kuna alama za duara.

Tukatoka nje. Jua lilikuwa bado juu, gati limejaa watu ambao sijui walitoka wapi, Maivonn anagawa krepi baridi kama kwenye harusi. Visant aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya chuma kumvusha Enora, mimi nikimsukuma kutoka chini. Alipomfikisha juu, akainama tena kuchukua kilichoanguka kwenye sitaha, akakipangusa, akamnyooshea.

"Haya, kipenzi," akasema. "Shika sungura wako."

Kiko cha Fañch kilianguka majini.

"Visant! Umesema!"

"Nimesema nini?"

"Mguu mmoja uko kwenye mashua, na umesema!"

"Na mwingine?" akauliza Visant, akipiga ngazi kwa kofi mpaka ikalia. "Uko kwenye nini, mjinga wewe? Si chuma hiki?"